Umbali wa Salamu Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisalimie nguzo ya umeme.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, kwenye uwanja wa chuo cha udereva kilichopo Njoro, hapa Moshi. Nilikuwa na shahada ya fizikia, bahasha ya vyeti, na viatu ambavyo Mkufunzi Mkuu alivitazama kwa muda kabla ya kunijibu shikamoo yangu. Soli zake zilikuwa nene, akasema, mguu hauwezi kuihisi pedeli. Akanituma nikatafute raba. Niliporudi alikuwa ameketi kiti cha kushoto cha gari dogo jeupe lenye alama ya L mbele na nyuma, akanionyesha usukani kwa kidevu.

Mkufunzi Mkuu alikuwa Mzee Aminieli, mtu wa Masama kama mimi, aliyeendesha malori ya kahawa ujana wake wote, kisha mabasi, kisha akaja kufundisha. Alikuwa amevuka miaka sitini. Tulitoka nje ya geti tukawa nyuma ya Kosta moja ya abiria, na Mzee akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, “Kosta ikiipita ile nguzo, isalimie.”

Nilidhani ananitania. Nikamuuliza nisalimie nini, Kosta au nguzo.

“Nguzo. Sema shikamoo mzee, halafu ujijibu, marahaba mwanangu. Usikimbilie. Salimia kama uliyelelewa.”

Nikasalimia. Kabla sijamaliza marahaba, pua ya gari letu ilikuwa imeshafika kwenye nguzo.

“Umeona,” akasema. “Umemkaribia mwenzako kabla salamu haijaisha. Hiyo ni tabia mbaya hata kwa mtu anayetembea kwa miguu. Sasa rudi nyuma mpaka zitoshee salamu mbili.”

Kumbukumbu za kazi kwa kawaida huandikwa na watu wenye mvi. Mimi nina miaka thelathini na tatu. Lakini ajira ya ualimu niliyoiomba miaka tisa iliyopita imefika, mwezi ujao naondoka kwenda kufundisha sekondari, na Mkurugenzi ameniomba niwaandikie wakufunzi wapya jinsi kazi hii ilivyofanyika katika wakati wangu. Nilimwambia sina cha kuwafundisha zaidi ya kilichomo kwenye mwongozo. Akasema niandike kile ambacho hakimo. Basi nitaandika kuhusu salamu ya pili, na kuhusu jinsi nilivyomwondoa Mzee Aminieli kwenye kiti chake.

Kwanza kazi yenyewe. Gari la kufundishia lina breki mbili: ya dereva, na nyingine upande wa kushoto, ambayo sisi huiita breki ya mwalimu. Lina pia kioo cha ziada kinachobandikwa juu ya dashibodi ili mkufunzi aone nyuma bila kugeuka. Mkufunzi mpya hujulikana kwa mguu wake. Mwanafunzi akisogelea gari la mbele kidogo tu, mguu wa mwalimu huruka kwenye pedeli, na mwanafunzi akiiona breki inashuka yenyewe hujifunza kitu kimoja: kwamba kuna mtu mwingine atakayemsimamishia gari. Miezi yangu ya kwanza nilikanyaga breki ile mpaka jioni paja lilikuwa linauma. Mzee Aminieli aliweka mguu wake juu ya zulia, kando ya pedeli, na ungeweza kukaa naye siku nzima usiuone ukisogea. Hakuwa mzembe. Alikuwa ameshaona kule mbele kile ambacho sisi tungekiona baadaye.

Darasani nilipewa somo la umbali kati ya gari na gari, kwa sababu ya ile shahada. Nililifundisha kwa hesabu. Gari linalokwenda kilomita themanini kwa saa hula mita ishirini na mbili katika kila sekunde. Mtu akiona taa za breki mbele yake, hasimami papo hapo. Jicho lazima lione, akili iamue, mguu utoke kwenye mafuta uende kwenye breki. Huo huitwa muda wa mwitikio, na kwa mtu mzima aliye makini unakaribia sekunde moja. Akichoka au akishtuka unazidi. Maana yake, hata kabla breki haijaguswa, gari limeshapita mita ishirini na mbili, na baada ya hapo ndipo linaanza kupunguza mwendo. Nilichora mishale ubaoni. Wanafunzi walinakili.

Halafu walitoka nje, wakapanda gari la Mzee Aminieli, wakasalimia nguzo.

Niliipima salamu yake kwa simu. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, ikisemwa kwa utulivu, huchukua sekunde mbili na ushee. Ilinikera kugundua kwamba ni kipimo kizuri, na kwamba wanafunzi walikumbuka nguzo kuliko mishale yangu. Lakini salamu moja ilitosha. Sekunde moja ya mwitikio, nyingine na zaidi ya akiba. Ya pili ilikuwa ya nini? Nilimuuliza wiki ya kwanza, nikamuuliza tena mwezi wa tatu.

“Ya kwanza ni yako,” alisema. “Ya pili utaijua.”

Sikusoma chuo kikuu ili niambiwe nitajua. Nilimwambia hivyo, kwa adabu pungufu kuliko ninavyoandika hapa. Akacheka, akaniita mwalimu kwa ule mkazo wa watu wa kwetu wanaposema mwalimu kwa mtoto anayejua sana, akaendelea kufuta kioo cha gari kwa gazeti.

Wanafunzi nao walikuwa na hoja. Kijana mmoja wa bodaboda aliyetaka leseni ya gari alimwambia, “Mzee, nikiacha nafasi yote hiyo, Noah inaingia mbele yangu.”

“Ikiingia, isalimie upya.”

“Na ikiingia nyingine?”

“Utafika umesalimia watu wengi. Kuna ubaya gani?”

Darasa zima lilicheka, na mimi nilicheka, lakini moyoni niliona ni jibu la mtu asiye na hoja. Nikaanza kuwaambia wanafunzi wangu kwamba salamu moja inatosha, ya pili ni desturi ya Mzee.

Mwaka wangu wa pili nilileta rula.

Ni jaribio ambalo kila mwanafunzi wa fizikia amelifanya. Unamwambia mtu atandaze kidole gumba na cha shahada, unashika rula ya shule juu ya vidole vyake, unaiachia bila kumwonya. Anaidaka. Sentimita alipoidakia zinakuambia muda wake wa mwitikio. Niliona ni njia nzuri ya kuwafanya wanafunzi waamini kwamba kila mtu anachelewa, hata anayejiona mwepesi. Wakufunzi nao walitaka kujaribu. Mwalimu Godlisten, mdogo kuliko sisi sote, aliidaka kwenye sentimita ya kumi na nne, wanafunzi wakapiga makofi. Mimi nilidaka kwenye kumi na tisa. Kisha mtu mmoja nyuma akasema, na Mzee.

Ningeweza kusema kipindi kimekwisha. Sikusema. Nilitaka kujua, na nitakuwa muongo nikisema nilitaka kujua kwa ajili ya sayansi tu.

Mzee Aminieli alikuja mbele, akakunja mkono wa shati, akatandaza vidole. Rula ikapita katikati yake ikaanguka sakafuni. Nikaiokota. Ikaanguka tena. Mara ya tatu wanafunzi hawakucheka tena, na sauti ya ile plastiki kwenye saruji ninaikumbuka mpaka leo. Mlangoni alikuwa amesimama Mkurugenzi.

Mkurugenzi wetu, Bwana Jaswant, ni mtu ambaye babu yake alifungua gereji mjini hapa na familia haijaacha kushika spana tangu hapo. Si mtu wa kukurupuka. Alisubiri wanafunzi watoke, akamwita Mzee na mimi ofisini, akaniuliza ile rula ina maana gani. Nikamweleza kama nilivyofundishwa: kwamba kupita urefu wote wa rula ni robo ya sekunde, na kwamba mwitikio wa Mzee umezidi hapo. Nilijieleza vizuri. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma.

Bwana Jaswant alimgeukia Mzee. “Mzee Aminieli,” akasema, “wewe umenifundisha mimi mwenyewe kuendesha. Lakini breki ya mwalimu ni yako. Siku mwanafunzi akikosea na wewe ukachelewa, nitawaambia nini wazazi wake? Kwamba nilikuwepo rula ilipoanguka?”

Mzee hakubisha. Alitoa ufunguo wa gari jeupe mfukoni akauweka mezani, upande wangu. Kuanzia siku hiyo angefundisha alama za barabarani darasani, asubuhi tu, mpaka hapo itakapoamuliwa vingine. Mimi nilipewa gari lake. Kwa mtu ambaye alikuwa barabarani tangu akiwa kijana, kiti kile ndicho kilichokuwa kazi; darasa lilikuwa mahali pa kusubiria kuondoka. Sote watatu tulijua hivyo. Alisema asante, akatoka, na dirishani nilimwona anasimama kando ya gari jeupe, anafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Miezi michache baadaye nilihamishiwa tawi la Himo, pale njia inapogawanyika kwenda Marangu na mpakani. Huko tulifundisha watu wazima zaidi: wafanyabiashara, madereva wa malori wanaotaka kupanda daraja la leseni, akina mama wenye pikapu zao za mzigo. Msimamizi wa tawi alikuwa mtu wa asili ya Kigoma aliyezaliwa kwenye kambi za mashamba ya miwa kusini mwa mji, baba yake akiwa mkata miwa. Alipenda fomu zijazwe na maswali yapungue. Nilipoanza kumuuliza kwa nini tunafundisha hivi na si vile, alinitazama juu ya miwani. “Mwalimu Aika, hapa watu wanatoka na mzigo mlimani wanakwenda sokoni. Wafundishe wasife.”

Barabara ya kutoka Marangu kushuka Himo ina kasoro moja ambayo si ya barabara. Ni ya watu. Wengi wetu tuliokulia mlimani tumezoea kutoa gia gari likianza kuteremka, liserereke lenyewe, ili mafuta yasitumike. Baba zetu walifanya hivyo, tukaona ndiyo akili. Gari lisilo kwenye gia halizuiliwi na injini. Breki peke yake ndiyo inabeba uzito wote, inapata moto, inalegea. Kila mara mteremko ule una watu wanaoshuka hivyo, mbele yako na nyuma yako, na kwa kuwaangalia huwezi kuwajua. Nililipinga jambo hilo kwa nguvu kila siku. Suala la salamu nililiacha palepale: moja, inatosha.

Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwa Mama Upendo, mfanyabiashara wa ndizi wa Marangu, mama mwenye sauti ya kuagiza na mikono iliyozoea kubeba mikungu. Alikuwa ameanza mafunzo Njoro kwa Mzee Aminieli kabla rula haijaanguka, kisha akaacha kwa muda kwa sababu ya msimu wa ndizi, akaja kumalizia kwangu. Siku hiyo tulipanda hadi Marangu, tukageuza, tukaanza kushuka. Ilikuwa imenyesha asubuhi, lami ilikuwa inang'aa. Mbele yetu pikapu moja ilikuwa imejaa ndizi mpaka juu ya kichwa cha gari. Mama Upendo alikaa mbali nayo. Mbali mno, niliona.

“Mama, sogea kidogo. Umeacha uwanja.”

Hakusogea.

“Mama Upendo.”

“Mwalimu, Mzee alinikataza.”

“Mimi ndiye mwalimu wako sasa.”

“Najua. Nakuheshimu. Lakini salamu ni mbili.” Na akaendelea, midomo ikichezacheza, akisalimia kibao cha dukani, kisha mti wa mgrevilea, kisha ukingo wa daraja dogo, kama mtu anayepita kwenye msiba akimpa kila mtu pole yake.

Nilikuwa nimeinua kichwa ili nimjibu, na kwenye kioo changu cha juu ya dashibodi nikaliona lori la Fuso. Lilikuwa limebeba matofali, liko karibu mno, pua yake imejaza kioo chote. Wakati huohuo bodaboda ikachomoka kwenye njia ya shambani mbele ya ile pikapu, na taa za breki za pikapu zikawaka zote, ikasimama palepale, mikungu miwili ikadondoka barabarani.

Mguu wangu uliruka kwenye breki ya mwalimu. Ninaliandika hili kwa sababu ndilo la kweli. Niliugusa ule mpira wa pedeli, na ningeukandamiza mpaka chini, kama ningekuwa na sababu. Sikuwa nayo. Mama Upendo alikuwa ameshaanza kupunguza, taratibu, gia ikishuka kutoka ya tatu hadi ya pili, na mbele yetu bado palikuwa na nafasi, nafasi nyingi, ile niliyoiita uwanja. Aliitumia yote. Aliikanyaga breki kidogo kidogo, na taa zetu za nyuma ziliwaka mapema zikabaki zinawaka, na yule wa Fuso aliziona na kupata muda. Nilikuwa namtazama kwenye kioo. Niliona uso wake ukibadilika, niliona pua ya lori ikizama mbele, nikaisikia harufu ya breki zake kabla ya sauti yake. Tulisimama hatua tatu kutoka kwenye mikungu. Fuso lilisimama likiwa limegusa bampa yetu, kwa mguso wa mtu anayekugusa bega ili apite.

Dereva wake alishuka. Nilitegemea atukane. Alikuwa mtu wa makamo, akazunguka hadi dirisha la Mama Upendo akainama. Akasema, “Dada, ungekanyaga kwa nguvu ningewapanda. Sikuwa kwenye gia.”

Mama Upendo alimwambia arudi kwenye gari lake akaweke gia. Kisha akazima injini, akaegemea usukani, akalia. Mimi nilikuwa bado nimeweka mguu juu ya pedeli.

Usifikiri nilielewa kila kitu papo hapo. Nilikaa na jambo lile siku mbili, nikilichora kwenye daftari kwa mishale, kama kawaida yangu. Mishale yangu yote ya miaka miwili ilikuwa na magari mawili: langu, na la mbele. Sikuwahi kuchora la tatu. Rula nayo ilipima mtu mmoja, amesimama, anaangalia vidole vyake, hana mtu nyuma yake. Nilikuwa nimepima kitu halisi kwa usahihi, nikakitumia kujibu swali ambalo hakikulijibu. Ukitaka kujua kama dereva atasimama, pima mwitikio wake. Ukitaka kujua kama walio karibu naye watafika nyumbani, lazima upime alichoacha mbele yake.

Nilikwenda kwa Bwana Jaswant nikamweleza yote, pamoja na mguu wangu. Alisikiliza. Akauliza kama ile rula basi ilikuwa ya uongo. Nikamwambia hapana, ilisema kweli, lakini niliiuliza swali dogo kuliko kazi ya Mzee. Alifikiri, akasema Mzee Aminieli akitaka kurudi kwenye gari, gari lipo. Akaongeza kwamba yeye hawezi kumwambia. Mimi ndiye niliyeleta rula, mimi ndiye niende.

Jumamosi nilipanda Masama. Mama yangu alinisikiliza jikoni, kisha akatoka hadi kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la nyumbani, akakata jani la isale, akalifunga fundo, akanipa. Wasomaji wasio wa mlimani watanisamehe: isale ni ule mmea wenye majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya mashamba, na mtu akikuletea jani lake lenye fundo, anakuomba msamaha, na wewe huwezi kumnyima. Sikuwa mtu wa mambo hayo. Nilikuwa nimeshaandika chuoni insha nzima ya kuhoji desturi ambayo inamlazimisha aliyekosewa. Lakini nililichukua, na nitakiri kwamba njiani nilifurahia ule ulazima. Nilifikiri, akilipokea atarudi kazini, hana namna.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anapogoa kahawa. Nikamwamkia, akaitikia, nikamnyooshea isale kwa mikono miwili. Hakulipokea mara moja.

“Isale la nini? Rula haikusema uongo.”

Nikaanza kueleza kuhusu Fuso, Mama Upendo, gari la tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa bado ameshika mkasi. Kisha akakaa kwenye ukuta mfupi wa mawe, akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu pale chuoni.

Alipokuwa kijana, alisema, alikuwa na mguu mwepesi kuliko wa Godlisten. Alijivunia. Siku moja alikuwa anashuka na kahawa nyuma ya basi, amelifuata karibu, kwa sababu alijua anaweza kusimama. Basi likasimama ghafla. Naye akasimama. Kati ya pua ya lori na basi palibaki upana wa kiganja. “Nikacheka,” alisema. “Nikamwambia mwenzangu wa kushoto, umeona mguu?” Ndipo akasikia kishindo nyuma. Aliyeligonga lori alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwenye pikipiki. Alikufa palepale, kabla hawajampeleka popote.

Trafiki walikuja na tepu wakapima. Wakasema dereva wa lori hana kosa. Mwenye pikipiki alifuata karibu mno. Ikaandikwa hivyo. Baada ya mazishi, Aminieli kijana alikata isale akaenda kwa mjane.

“Aliniuliza kama nilivyokuuliza wewe,” alisema. “Isale la nini, kama serikali imesema huna kosa? Nikamwambia, mama, nilisimama upesi mno. Alinitazama sana. Halafu akalipokea, akaingia ndani. Sikujua kama amenielewa. Mimi mwenyewe nilikuwa ndiyo kwanza najielewa.”

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia nilipomuuliza ile salamu ya pili ni ya nini. Wiki ya kwanza, mwezi wa tatu. Angeniambia, nisingeleta rula.

“Ningekuambia, ningekuwa nimekusimulia niliyoyafanya. Sikuwa tayari kukaa kwenye gari na mtu anayeyajua.” Akaweka mkasi juu ya ukuta. “Hilo ndilo kosa langu mimi. Nimewapa watu salamu miaka yote bila kuwaambia ni ya nani. Mwenye kuhoji kama wewe alikuwa na haki ya kuitupa.”

Akachukua isale mkononi mwangu, akaliweka mfuko wa shati.

“Nimepokea. Lakini kwenye gari sirudi.”

Nilianza kubisha. Nilisema Mkurugenzi amekubali, nilisema umbali unafidia mwitikio, nilikuwa na hesabu yake. Akainua mkono.

“Mwalimu, isale linaomba msamaha. Halimrudishi mtu kazini. Mwanafunzi asiyejua kitu hawezi kuacha nafasi. Siku za kwanza ni breki yangu tu. Na mguu wangu umechelewa. Niliujua kabla yako, nikawa najificha nyuma ya salamu zangu. Nilikuwa nasubiri mtu aniambie, na nilikasirika aliponiambia.” Akasimama, akarudi kwenye mche aliokuwa ameuacha. “Wewe fundisha mbili. Na sema ya pili ni ya nani.”

Alistaafu mwisho wa mwaka ule. Wakufunzi tulichanga tukamnunulia redio na blanketi, Bwana Jaswant akasema maneno machache, Godlisten akaomba apewe yeye lile gazeti la kufutia kioo. Mimi nilirudishwa Njoro, na baadaye nikawa Mkufunzi Mkuu. Tangu hapo kila mwanafunzi aliyepita mkononi mwangu amesalimia mara mbili, na amejua. Ya kwanza ni yako, ya kukupa muda wa kuona na kukanyaga. Ya pili ni ya aliye nyuma, ambaye humjui, ambaye pengine amechoka, pengine breki zake mbovu, pengine hayuko kwenye gia. Kumpungia mkono aache kukufuata haisaidii. Kilichobaki mikononi mwako ni nafasi ya mbele tu; mwachie hapo. Bado naifanya ile ya rula. Ninaifanya mimi wa kwanza, na siku hizi ninadaka kwenye ishirini na tatu.

Jambo la mwisho. Siku ya kumuaga, mimi ndiye niliyempeleka Mzee nyumbani, kwa gari langu, la kawaida, ambalo upande wa kushoto halina breki. Redio na blanketi vilikuwa nyuma. Barabara kuu ilikuwa na magari mengi ya jioni, na mabasi yalituingilia mbele moja baada ya jingine, nami kila mara nilirudi nyuma nikaanza upya. Sikusalimia kwa sauti. Yeye alitazama barabara.

Wakufunzi wote mtaijua tabia hii: ukikaa kushoto kwenye gari la mtu mwingine, mguu hautulii. Mtu akisogelea mwenzake, unakanyaga sakafu, hata mahali pasipo na pedeli. Mke wako atakucheka, dereva wa teksi ataudhika, huwezi kuuzuia. Basi nilikuwa nikiutazama mguu wa kulia wa Mzee Aminieli kwa pembe ya jicho, kutoka Njoro hadi tulipokata kona kuanza kupanda Masama, na kutoka hapo hadi mlangoni kwake. Ulikaa juu ya zulia. Haukusogea hata mara moja.

Inawezekana aliniamini. Inawezekana pia alikuwa amechoka tu, au ule mguu ulikuwa umekwisha kukubali kwamba kazi si yake tena. Mimi ni mtu wa kuuliza. Nilizima gari, nikamshushia redio yake, nikamwamkia mke wake, na sikuuliza.